Kioo Chini ya Samaki

Bunia, tarehe 5 Oktoba 2003

Kwako ndugu Hippolyte, baba wa mutoto wangu wa ubatizo,

Bunia muzima hakuna mutu wa bahati kama miye. Naanza na hiyo mbele ya salamu, juu salamu inaweza kungoja lakini bahati ya Floribert haijui kungoja. Sasa salamu: jambo sana. Weye uko aje? Mama Rebecca iko aje? Na Abigaël wangu, meno ya mbele imeota? Mwambie kwamba miye parrain yake, baba wa ubatizo, bado ni kijana muzuri kuliko wote mu muji, hata risasi zinanipisha njia. Miye niko muzima: kichwa, miguu, tumbo, vyote viko mahali Mungu aliviweka.

Dada yangu Kavira alituma habari na dereva wa Beni kwamba muko kwake tangu mwezi wa sita. Hakuongeza kitu. Alisema tu: "Hippolyte mwenyewe ataandika." Nimengoja. Hukuandika. Basi mwenye roho kubwa njo anaandika.

Lakini weye mutu! Mwezi wa tano ulipita mbele ya mulango yangu asubuhi, godoro ku kichwa, bibi nyuma, mutoto ku mukono, na hukugonga. Jirani njo aliniambia. Siye wawili tuliochimba shimo pamoja mu parcelle ya nyumba yako, ukapita kama mutu aliyeiba kuku! Nimekusamehe. Hapana, sijakusamehe bado. Nitakusamehe siku utarudi na kahawa ya Beni.

Sasa sikia bahati. Unamujua Patron Baudouin, yule ananunua dhahabu ya Nizi, mwenye nyumba ya ghorofa kule mutaa wa Saio. Alienda Kampala, akalala mu hoteli, akaona sanduku ya kioo yenye samaki ndani. Wazungu wanaita aquarium. Samaki ya kuangalia, Hippolyte, si ya kula! Muji muzima tumeweka shitingi za plastiki ku madirisha juu vioo vilipasuka na mabomu, yeye anatafuta kioo kwa ajili ya samaki. Na kioo nene, ya milimita kumi, juu maji ni nzito. Mafundi wote waliinama. Nani alisimama? Usiulize.

Na kioo niliitoa wapi? Bahati! Nilikuwa napita ku magofu ya zile magasin, maduka ya zamani, ku barabara kubwa. Muguu ikajikwaa. Naangalia: kioo, nene kama kidole, vipande vikubwa kama milango, imelala chini ya mabati, hata ufa hakuna. Vita nzima ilipita juu yake, ikaisahau. Mungu mwenyewe aliiweka pale akasema: Floribert, pita hapa.

Nikakata, nikaunganisha na silicone, nikamaliza. Patron akaangalia, akazunguka, akasema: "Ile ya Kampala maji yake ilikuwa inatembea." Sasa! Anataka maji ishuke kwa tundu chini, ipite mu bomba, ipande na pompe, ianguke tena juu. Mu muji ambapo robinet zimekauka, mama zetu wanabeba maji ku kichwa! Nilimwambia: "Patron, samaki zako zitaoga kuliko askofu." Alicheka mpaka akakohoa.

Weye ni fundi wa kukata kioo, sikatai, weye njo ulinifundisha. Lakini kutoboa haujui. Basi fungua masikio, leo mwalimu ni miye.

Nilichukua bomba ya shaba, upana ya vidole viwili, nikaipa meno na musumeno. Nikaomba makanika ile dawa nzito, yenye muchanga ndani, ya kusagia valve za moteri. Sanduku tukaigeuza juu chini, ikalala ku magodoro, ubao ndani kuishikilia. Nikajenga ukuta kidogo wa udongo kuzunguka mahali pa tundu, kama ziwa ya watoto, nikamimina maji. Groupe ya umeme ikawashwa, perceuse ya kutoboa ikaanza kuzunguka. Na pale, ndugu, hakuna kusukuma. Unabeba perceuse kama mutoto aliyelala. Sikio njo inafanya kazi: kioo ikilia kama mbu, endelea, ikilia kama paka, simama, ongeza maji. Saa moja na nusu kwa tundu moja! Nilipofika nusu, watu wane wakageuza sanduku, nikaanza kwa ndani, tundu mbili zikakutana katikati kama wachumba. Kisha nikafanya ya pili. Mama Hélène, bibi ya Patron, alikuwa ameshika rozari.

Shida ilikuwa moja tu. Kile kipande cha chini kiko na mukwaruzo ku kona, kama herufi A imelala, muguu moja murefu kuliko ingine. Unajua mwenyewe, ufa inapenda kuanzia ku mukwaruzo. Nikaweka tundu zangu ku kona ya pili, mbali kabisa. Patron akauliza: "Hiyo A ni nini?" Nikajibu bila kupepesa jicho: "Patron, ni A ya Anvers. Alama ya kiwanda. Hii ni kioo ya Ubelgiji ya kweli." Wageni wake wakaniangalia kama mutu wa université. Miye niliyerudia darasa ya sixième mara mbili!

Nyumba yako imesimama, mabati iko juu. Rudini, nitawapeleka muone samaki.

Ndugu yako, parrain wa Abigaël,
Floribert Katsuva


Beni, tarehe 19 Oktoba 2003

Ndugu Floribert,

Jambo. Siye tuko na afya kidogo. Rebecca anasalimu. Dada yako Kavira ametutunza vizuri, alitupa chumba na sufuria, Mungu amulipe.

Abigaël hayuko.

Alikufa tarehe 2 ya mwezi wa sita, mbele ya kufika Eringeti. Tulitembea siku kumi na saba. Ilikuwa homa. Tulimuzika pembeni ya barabara, na watu waliokuwa nyuma yetu walikuwa wanasema tuharakishe. Sina hata picha yake. Mufuko wenye picha uliibiwa Komanda. Nilimwambia Kavira asikuandikie juu ni miye baba, na weye ni parrain, na neno kama hili linatoka kwa baba. Kisha nilishindwa kuandika. Unisamehe kwa hilo.

Uliuliza kwa nini sikugonga. Mwenye lori moja alituchukua mpaka kutoka muji kwa sharti moja, tusimwambie mutu. Ningekuambia, saa tatu soko lote lingejua, si kwa ubaya, kwa kutaka tu watu waseme Floribert anajua mambo. Nilikuwa na mutoto. Sikuweza kuweka mutoto wangu ku mudomo yako. Hiyo iliniuma na bado inaniuma.

Sasa nina swali. Nimesoma barua yako mara nyingi, mara ya kwanza nilicheka, ya pili sikucheka.

Mwaka wa kabla ya vita kufika mu muji, Abigaël alikuwa na miaka sita. Alichukua almasi yangu ya kukatia kioo, akapanda ku meza ya kazi, akaanza kuandika jina lake ku kioo kubwa ya milimita kumi. Alifika herufi ya kwanza. Nilimuona, nikavuta mukono yake, na almasi ikavuta muguu moja wa ile A mpaka chini. Nilimupiga siku ile, Floribert. Hata weye sikukuonyesha, juu ungecheka. Kioo ile sikuikata tena. Niliiweka na zingine kwa ajili ya duka ya mikate ya Rebecca, kisha siye wawili tukaizika nyuma ya jiko, mwezi wa nane mwaka jana, mu shitingi, na almasi mu kitambaa. Mu barua yako umetaja shimo. Hukusema kama yenye tuliweka ndani bado iko.

Andika uniambie kwamba Bunia kuko kioo mbili zenye A hiyo. Nitakuamini.

Baba Abigaël,
Hippolyte


Beni, tarehe 16 Novemba 2003

Floribert,

Dereva amepita mara tatu. Anasema unamusalimu muzuri, unamupa bia, kisha unamwambia barua haijakwisha. Afya yako aje?

Rebecca hajui. Kila asubuhi anasema tukirudi ataweka ile kioo mbele ya duka, ile yenye herufi. Namuangalia nanyamaza, na miye sijazoea kumunyamazia bibi yangu.

Kavira ananiuliza kwa nini sili.

Andika hata mustari moja.

Hippolyte


Bunia, tarehe 30 Novemba 2003

Kwako ndugu Hippolyte, na weye Mama Rebecca,

Pole. Pole sana, pole tena. Nilisoma ile neno nikakaa chini ku mulango, mbele ya watu. Mutoto nilimushika miye mwenyewe siku ya maji ya ubatizo, alinikojolea shati ya kukodisha, nikasema kanisani kwa sauti: huyu atakuwa mutu mukubwa! Padri akanitazama vibaya. Hippolyte, sijui kuandika mambo ya hivi. Kinywa yangu ni ya kuchekesha, ikifika ku kilio inabaki wazi tu.

Ni ile kioo. Ndiyo. Nitakuambia yote sasa.

Askari njo walikuja. Walikuwa watatu, mwezi wa nane, wamevaa hovyo, moja alikuwa na kofia ya mwanamuke. Walinikuta kwangu. Moja akaniwekea bunduki hapa, ku sikio ya kushoto, mpaka leo inapiga kelele ndani. Akasema: "Tunajua rafiki yako alizika kitu. Onyesha." Niliwaambia sijui. Wakakoki. Niliwaambia tena sijui! Mara ya tatu miguu yenyewe ilianza kutembea, ikawapeleka. Walifikiri ni dhahabu. Walipoona kioo walikasirika, wakataka kupasua; miye nikapiga magoti, nikasema ngojeni, Patron Baudouin anatafuta kioo. Hivyo angalau haikupasuka. Ile habari ya magofu na bahati niliandika juu ya aibu. Sikutaka ujue kwamba bunduki ilinishinda.

Ile A sikujua ni yake. Naapa ku kichwa ya mama yangu, hiyo sikujua. Ningejua, ningekataa hata na bunduki mbili.

Sasa naenda Saio kila juma kuangalia bomba, hata kama bomba haina shida. Samaki moja, ngege mukubwa ya Kasenyi, inapenda kulala pale pale juu ya herufi.

Unisamehe.

Ndugu yako aliyeponyoka,
Floribert


Beni, tarehe 14 Desemba 2003

Ndugu yangu Floribert,

Jambo, na afya iwe kwako, zaidi ku ile sikio ya kushoto. Uende hospitali waiangalie.

Nilisoma barua yako, nikamupa Rebecca aisome, juu sasa ingeweza kusomwa. Alilia. Kisha alisema: "Kioo ni kioo. Parrain wa mutoto wangu iko muzima." Miye pia nasema hivyo. Mutu aliyewekewa bunduki hana kosa. Miguu yangu pia ingetembea, tena mara ya kwanza, si ya tatu. Nilikuwa nimeanza kukuwazia vibaya, wiki nzima nilikuwa nasema mu roho yangu kwamba umeniuza, na hiyo njo dhambi yangu. Nakuomba samahani.

Jumapili iliyopita, wakati wa maombi ya watu, Rebecca alisimama kanisani. Unajua yeye hasemi mbele ya watu. Alitaja jina lako, Floribert Katsuva wa Bunia, kati ya wale Mungu aliowaponyosha ku bunduki. Kanisa zima likaitika. Dada yako Kavira alikuwa pembeni yangu analia, anasema hakujua ndugu yake aliteswa hivyo.

Nakuomba kitu moja. Vioo vyote Patron avichukue, duka tutafungua na mbao. Lakini ile kona. Kipande cha upana wa mukono tu, chenye herufi. Umesema tundu ziko kona ya pili, kwa hiyo inaweza kukatika bila kupasuka, ukipiga mustari moja bila kurudia, vile nilikufundisha. Hatuna kitu ingine ambacho mukono yake iligusa. Kama Patron atakataa, basi tumekwisha. Lakini muulize.

Rebecca anakutumia maharage, ya shamba ya Kavira. Amechagua moja moja.

Ndugu yako, baba Abigaël,
Hippolyte


Bunia, tarehe 25 Januari 2004

Hippolyte, na weye Mama Rebecca,

Jambo. Natumaini barua inawakuta na afya. Maharage ilifika. Nilikula, haikushuka vizuri, lakini si kosa ya maharage.

Mu hii furushi kuko blanketi, ndani ya blanketi kuko shati yangu, ndani ya shati kuko kona. Fungueni polepole. Herufi ni nzima, na ule muguu murefu wote. Nilipiga mustari moja bila kurudia. Kingo nimezisaga na jiwe na maji siku mbili, Mama Rebecca anaweza kupitisha kidole popote, haitamukata. Kama itamukata, dereva arudi anipige.

Mutataka kujua Patron alisema nini. Nilienda wakati yeye alikuwa Nizi, nikamwambia Mama Hélène kwamba bomba inavuja. Nikafungua robinet ya chini, maji yote ikatoka mu tundu zangu, ikaenda ku maua. Samaki tukaziweka mu beseni. Mama Hélène akaziangalia, akasema: "Miezi mingi naziangalia, leo zinaniangalia miye." Kisha akaenda kutafuta mafuta na pilipili. Miye nikapitisha kamba ya gitari mu silicone, nikavuta kushoto, kuume, kushoto, mpaka kile kipande cha chini kikaachia. Nilikata pale pale ku sakafu ya salon.

Patron alirudi na wageni wawili. Akaona sanduku haina chini. "Floribert, nini hii?" Nikamwambia: "Patron, ile A haikuwa ya Anvers. Ni ya mutoto aliyekufa, na miye ni parrain yake." Alicheka kwanza, alifikiri ni mojawapo ya vichekesho vyangu. Kisha akaona uso wangu akaacha. Amebaki na perceuse yangu na vioo ingine, na amesema nisikanyage tena Saio. Ile ngege mukubwa tayari ilikuwa mu sahani, kwa hiyo hakuweza kuniomba niirudishe.

Furushi iko na kitu ya pili: almasi yako, mu kitambaa chake. Uiangalie vizuri, Hippolyte. Weye ni fundi. Askari wakichimba, wanaacha almasi ku mukono ya nani?

Ningeweza kunyamaza. Mumenisamehe tayari, kona imefika, sikio yangu haina shida yoyote. Nilifikiri nitanyamaza. Nilikaa na barua yenu kuanzia Noeli, na kila Jumapili nilisema leo naenda misa, nikifika ku mulango ya kanisa narudi. Juu huko Beni watu mia tatu waliitika kwa ajili ya bunduki.

Basi sikieni. Mwezi wa nane nilikuwa ku baraza ya Patron, mchana, siye watu sita na bia. Patron akasema: "Bunia hakuna fundi wa kunifanyia hii kitu." Wote wakasema hakuna. Nikasema: "Miye." Wakacheka: "Floribert wa bomba! Na kioo utaitoa wapi, utaizaa?" Nikasema: "Miye ni mutu wa bahati, kesho kutwa kioo itakuwa hapa." Nilisema kwanza, kisha nikaanza kufikiri itatoka wapi. Njia nzima ya kurudi nilikuwa natafuta mu kichwa, na nilijua iko mahali pamoja tu.

Na nilikuwa na hasira nawe. Niliwaza: alipita ku mulango yangu bila kugonga, na miye napita ku yake bila kugonga. Nilisema hatarudi huyu. Wengi hawakurudi. Nilikuhesabu mu hao, Hippolyte, ukiwa bado hai, juu hiyo ilinifaa.

Ulifanya vizuri kutoniambia safari yenu. Ungeniambia, ningesema. Ningesema ku watu wa kwanza tu, ku baraza, na mutoto ku mukono yako.

Sikuokota kioo ku magofu. Sikujikwaa. Hakuna askari aliyekuja, hakuna kofia ya mwanamuke, hakuna bunduki. Ilikuwa saa ine ya asubuhi, jua kali, watu wanapita wananisalimu. Nilichukua jembe yangu, nikaenda nyuma ya jiko yako, nikachimba peke yangu. Hata sikuwa na huzuni. Nilikuwa napiga muluzi.

Floribert